Shati Nililofulia Ukweni

Wewe unayesoma, jifanye umekaa nami hapa kibarazani kwangu Nyasura na kikombe cha chai mkononi, maana jambo hili halielezeki kwa mtu aliyesimama. Nianze na aibu yenyewe ili tusizungukane: kule Butiama kuna boma zima ambalo mpaka leo wakisikia nakuja kusalimia wanaficha sabuni. Si kwamba mimi ni mwizi. Wanaficha kwa sababu niliwahi kufua shati langu kwao, mara moja tu, mchana kweupe, kwa nia njema kabisa, na nusura nimkose mke.

Kwanza unifahamu kidogo. Naitwa Mafuru, nafundisha shule ya msingi hapa Bunda, ila nimezaliwa Kisorya, kule kwenye kivuko, nimekulia kwenye sato na dagaa. Nimekaa kapera muda mrefu (mrefu kiasi kwamba mama yangu aliacha kuniuliza mimi, akawa anawauliza majirani), na kapera anayevaa shati jeupe mbele ya watoto wenye wino mikononi ana mawili, ajifunze kufua au akubali kupewa jina la utani. Mimi nilijifunza. Damu ya samaki, maji baridi, kamwe si ya moto, maana maji ya moto yanaipika damu ikakaa kwenye uzi kana kwamba ilisokotwa nao. Mafuta ya kukaangia, nyunyizia unga wa muhogo, uache uyanywe, ukung'ute, ndipo utie sabuni. Kola yenye jasho, ndimu na chumvi kidogo, na usugue kwa vidole, si kwa brashi, brashi inakula shati. Walimu wenzangu walikuwa wananiletea nguo zao mpaka ofisini, "Mwalimu, hili litatoka?" nami nalishika doa kama daktari, nauliza lina siku ngapi na limeshapewa dawa gani kabla ya kuletwa kwangu. Kwa hiyo usije ukadhani kilichonipata kilinipata kwa kutojua kufua. Kilinipata kwa kujua.

Nyangeta tulionana Musoma, alikuwa anashona nguo karibu na soko, na shati la siku hiyo alinichagulia yeye kwenye mitumba, jeupe, zito kidogo, kola yake imesimama kama haijawahi kuguswa na shingo ya mtu. Akalikunja, akanikabidhi.

"Hili ndilo uje nalo kwetu," akasema. "Shangazi yangu anaangaliaga nguo kwanza, mtu baadaye."

"Na akishaangalia nguo?"

"Anaangalia ng'ombe."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Shangazi yake, anaitwa Nyabise, alikuwa ameshasema hadharani kwamba watu wa ziwani hawana ng'ombe, wana nyavu, na binti haolewi kwa nyavu. Baba yake, Mzee Magesa, alikubali tu tuje tusikilizwe. Na kwao utaratibu uko hivi: wazee wa ukoo wanakaa na wageni, wanazungumza, na wakiridhika ndipo binti anaitwa ndani aulizwe kama anawafahamu wageni hawa na kama vitu vyao vipokelewe. Wazee wakisimama kabla binti hajaitwa, ndiyo basi. Hakuna kurudi wiki inayofuata kuomba radhi. Kwa hiyo mimi nilikuwa nakwenda na nafasi moja, na shati moja.

Tulikwenda wawili, mimi na baba mdogo wangu Masatu, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu, mtu wa maneno taratibu na kofia ambayo haivuliwi. Tulishuka Makutano, tukachukua pikipiki, na njia nzima mimi nimejifunika khanga ya mama mbele na nyuma kuzuia vumbi, nikaivulia mbali kidogo na boma ili nisionekane. Nilifika mweupe kama karatasi. Tukakaribishwa, tukapewa chai ya maziwa, na nilipoinua kikombe, tone moja, tone moja tu, likaangukia mfuko wa shati. Nikalifunika kwa mkono. Nikakaa hivyo, mkono kifuani, kama mtu anayeimba wimbo wa taifa.

Wazee wengine wa ukoo walikuwa wanatoka Buhemba na hawakuwa wamefika. Mzee Magesa akanitazama, akatazama nje, akasema, "Mkwe, huko nyuma kuna mkungu wa ndizi umekomaa. Nenda na Wambura muulete, akina mama wapate cha kupika."

Baba mdogo akanibonyeza kwa goti. Nilielewa. Mkwe mpya kwao haachwi akae kwenye kiti kama ofisa, anapewa kakazi kadogo, na watu wanamwangalia mgongo kabla hawajamwangalia uso. Nikasimama haraka.

Wambura ni kaka mkubwa wa Nyangeta, mtu mpana, mcheshi, mwenye panga lililonolewa mpaka limekuwa jembamba. Migomba yao iko nyuma ya bafu, inakunywa maji wanayoogea watu, imenenepa kweli. Akaniokotea gunia.

"Shemeji, jitandike hili begani."

"Aah, shemeji, mkungu mmoja tu?"

"Si mkungu. Nasemea hilo shati lako la kwenda mbinguni."

"Usijali," nikamwambia. "Kufua mimi najua."

Akacheka, akatupa gunia, akakata. Mkungu ukanishukia begani, mzito, mzuri, nikahisi maji ya ubaridi yananitiririka mgongoni kutoka kwenye kikonyo, nikaona ni raha tupu kwa lile joto. Nikapita nao mbele ya jiko, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikapanua kifua, nikatembea kama mtu mwenye zizi. (Ningeambiwa siku hiyo nirudie njia hiyo mara ya pili, ningerudia.) Nikautua, nikajikagua. Mabega makavu. Mgongo, kwa kadiri nilivyoweza kuvuta shati na kuchungulia, maji tu, tena yanakauka. Hakuna doa hata moja isipokuwa lile la chai.

Sasa hapa, msikilizaji wangu, ndipo nilipofanya uamuzi. Ulikuwa uamuzi mdogo, wenye sababu, wa mtu mwenye akili zake. Nilisema, wazee hawajafika, jua linawaka, shati hili likipata dakika chache kwenye kamba limekauka, na Shangazi Nyabise anaangaliaga nguo kwanza. Nikaingia nyuma ya bafu, nikakuta beseni, maji, na kipande cha sabuni ya mche. Nikavua shati, nikabaki kifua wazi (singlendi sikuwa nayo, niliona itanizidishia joto). Na kwa kuwa mimi ni mtaalamu, sikulowesha mfuko peke yake. Ukilowesha mahali pamoja tu maji yanaacha duara, wote mnalijua hilo, kwa hiyo nikalowesha shati lote, nikalipaka sabuni lote, nikalifikicha taratibu kama ninavyofundisha watu, nikasuuza, nikalianika, nikajificha bafuni nisubiri.

Bafu lao ni la mabati. Nilikuwa naiva humo kama kiazi. Nikachungulia kuangalia shati.

Tone la chai lilikuwa limetoka, safi kabisa, hilo nalisema kwa fahari mpaka leo. Lakini mgongoni kulikuwa kumechorwa ramani. Kahawia, ikielekea nyeusi, imeanzia kwenye kola ikashuka mpaka kiunoni, na pembeni visiwa visiwa, ungeweza kuonyesha Ukerewe kwa kidole. Nikadhani ni kivuli. Nikaligeuza shati. Kivuli kikageuka nalo.

Mimi ni mtoto wa Kisorya, nakwambia tena. Damu ya samaki naijua, magamba nayajua, mafuta ya injini ya boti nayajua. Mgomba kwetu hakuna. Sikujua kwamba utomvu wa ndizi ukiingia kwenye nguo unakaa kimya kama maji, na ukikutana na sabuni halafu jua, ndipo unajitambulisha. Nikafanya alichokuwa akifanya kila mwalimu aliyeniletea doa lililoharibika, yaani kile nilichokuwa nawagombezea: nikaongeza sabuni. Likakolea. Nikaongeza tena, nikasugua kwa nguvu, na ramani ikawa sasa na barabara.

Nikiwa bado nimeinama hapo, nikasikia pikipiki zinaingia uani, na sauti za watu wazima zinasalimiana. Buhemba wamefika.

"Shemeji!" Wambura akaja anakimbia, akaniona, akalitazama shati, akajishika kichwa. "Umelifua?"

"Lilikuwa na chai."

"Chai! Sasa unaingiaje? Wanakuulizia."

"Nipe shati lako."

"Langu lina nini, huoni limechanika kwapani? Ngoja." Akakimbia ndani kwa mlango wa nyuma, akarudi na koti, zito, la rangi ya majivu, linanuka moshi na ugoro. "Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Funga vifungo vyote, mpaka juu. Usiinue mikono."

Nikavaa. Likanikaa vizuri, nikajipa moyo. Nikaingia, nikawainamia wazee, nikakaa kando ya baba mdogo.

Kulikuwa na maongezi. Yakakatika. Mzee mmoja aliyekuwa anakunja tumbaku akaacha nusu. Shangazi Nyabise, mwembamba, amekaa wima kwenye mkeka karibu na mlango, akanitazama kutoka vifungo hadi usoni, akamgeukia Mzee Magesa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kaka, kumbe ulishakufa na hatukuambiwa?"

Nadhani unaanza kuona. Lile lilikuwa koti la Mzee Magesa mwenyewe, koti lake la vikao vya ukoo, na kwao koti la mwenye boma halivaliwi na mtu mwingine ila siku moja: siku ya kumaliza matanga, linapovalishwa mrithi. Wambura kwa haraka yake alikuwa ameshika koti lililokuwa karibu. Na mimi, mgeni, tena mtu wa nyavu, nilikuwa nimekuja kuomba binti na nimekwisha kujirithisha ng'ombe wa baba yake.

"Vua koti," akasema mzee wa tumbaku.

Nikashika kifungo cha juu. Na hapo hapo nikamsikia mama yake Nyangeta upande wa pili wa ukuta, jikoni, na mlango wa kati ulikuwa na pazia tu, tena fupi. Sisi watu wa Mara, ziwani au milimani, mkwe na mama mkwe tunaheshimiana mpaka kupishana njia. Mkwe anayekaa kifua wazi mahali mama mkwe anaweza kupita, huyo hata jina lake halitajwi. Nikaachia kifungo.

"Vua," akarudia.

"Baba, siwezi."

"Hawezi!" Shangazi Nyabise akapiga makofi mara moja. "Mmemsikia? Hawezi kulivua! Limeshamkaa!"

"Chini hana kitu," Wambura akasema kutoka mlangoni, akidhani anasaidia.

"Hana kitu? Amekuja ukweni bila shati?"

"Analo. Amelifua."

Ndipo pazia likatikisika na sauti ya mama ikaja kutoka jikoni, haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechomwa mahali. "Nani amefua? Nimekuta beseni langu na mapovu nikashangaa. Mgeni amefua? Mgeni wangu amekuja akanywa chai yangu, akaona nyumba hii haina mtu wa kumfulia?"

Bwana wee. Kati ya yote ya siku ile hilo ndilo lililoniuma. Koti ni kosa la koti. Lakini yule mama alikuwa ameamka kabla ya jogoo kunipikia, na mimi kwa utaalamu wangu nilikuwa nimewatangazia majirani kwamba kwake mgeni anajihudumia. Baba mdogo Masatu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akavua kofia.

Nikaanza kueleza. Na unajua sisi walimu, ukituambia tueleze hatuanzii katikati. Nikaanza na tone la chai. Nikaeleza kwa nini doa halilowanishwi peke yake. Nikaeleza duara. Wazee wananitazama, nami nachora duara hewani kwa mkono niliokatazwa kuuinua, koti likapanda, tumbo likaonekana, mzee wa tumbaku akatazama pembeni, akaanza kutafuta fimbo yake chini ya kiti.

Alikuwa anataka kusimama. Niliona magoti yake yanajikusanya, na wa pili yake naye akajikusanya, nami nimenaswa, maana koti sikuweza kubaki nalo na sikuweza kulivua, na wazee wakishasimama nimeshamkosa Nyangeta.

Pazia likafunguliwa. Akaingia Nyangeta mwenyewe.

Hakuna aliyemwita. Alipaswa kuwa chumba cha ndani, ametulia, amejitanda, mpaka atumiwe mtu. Akapita katikati ya wazee wa ukoo wake, mkononi ana kitenge chake kipya, kile cha maua makubwa alichoshona maalumu kwa siku hiyo, akasimama mbele yangu akiwapa wote mgongo, akakitandaza kama pazia kati yangu na jiko, akaninong'oneza, "Vua haraka." Nikavua. Akanifunga kitenge mabegani, akakikaza fundo shingoni, akachukua koti, akalikung'uta, akapiga magoti mbele ya baba yake, akampa kwa mikono miwili. Halafu akabaki hapo chini, bila kitenge, na gauni lake la kushindia, anasubiri kufukuzwa.

Mzee wa tumbaku alikuwa nusu amesimama nusu amekaa.

"We mtoto," Shangazi Nyabise akasema, "nani amekuita?"

"Hakuna, shangazi."

"Unawafahamu wageni hawa?"

"Nawafahamu."

"Huyu anayefua nguo ukweni na kuvaa makoti ya watu walio hai, unamfahamu?"

"Huyo ndiye namfahamu zaidi."

Shangazi akanitazama, mimi na maua yangu. Akatazama shati ambalo Wambura, sijui kwa nini, alikuwa amelileta na kulishika juu kama ushahidi mahakamani, maji yanadondoka. Midomo ikamcheza. Akajaribu kuibana, ikamshinda, akacheka mpaka akajifunika uso na upande wa khanga yake, na mzee wa tumbaku akajikuta amekaa bila kukusudia, na wengine wakacheka kwa zamu mpaka jikoni.

"Kaka," akasema akifuta machozi, "wasikilize watu. Mtoto ameshajibu, sisi tutauliza nini tena?"

Nilikaa kikao chote nimevaa kitenge. Ng'ombe walijadiliwa, baba mdogo akirudi kwenye maneno yake ya taratibu, na kila nilipotaka kusema kitu maua yalinitangulia. Kwa koti nilitozwa mbuzi, ambaye nilimleta mwenyewe baadaye, na Mzee Magesa akaniambia mbele ya wote, "Na usilifue. Hilo koti lisiguswe na maji yako." Kuhusu mama, nilimtuma Wambura aende akasimame mlangoni mwa jiko na kusema kwa niaba yangu kwamba chai yake haikuwa na kosa, nyumba yake haikuwa na kosa, ni mimi niliyezoea upweke nikasahau kwamba kuna watu. Mama akajibu, "Mwambie shati aliache."

Nikaliacha. Tulipokwenda tena nililikuta limekunjwa kwenye kiti changu. Alikuwa amelifua, ramani ilikuwa palepale, hakuna hata kisiwa kilichozama, lakini lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikono imesimama yenyewe. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikalivaa, nikashinda nalo siku nzima mbele za watu, na sijawahi kuvaa nguo safi kuliko ile.

Tangu siku hiyo nimekula kiapo: ukweni sifui hata leso. Lakini kwa tabia yangu sikuweza kuliacha jambo likapita hivi hivi, kwa hiyo nilipata kikonyo cha mgomba kwa jirani, nikadondoshea utomvu kwenye vitambaa vyeupe, nikajaribu hiki na kile mpaka Nyangeta (sasa ni mama mwenye nyumba, na kukasirika anajua) akaniuliza kama tunafungua maabara. Nilichokiona ni hiki, kichukue kikusaidie. Nguo ikidondokewa na utomvu wa ndizi, usingoje uone doa, na sabuni usiiguse kwanza. Ukiwa nje, mbali na moto, bonyeza pale palipolowa kwa kitambaa kikavu, kisha upake mafuta ya taa kidogo kwa pamba, ufikiche taratibu na ubadilishe pamba mpaka itoke bila rangi. Ndipo ufue kwa sabuni na maji mengi, na uanike kivulini.